Limfoma imerudi na mgonjwa ana VVU: je, anaweza kupandikizwa seli shina?

Swali. Mama mmoja wa Katuba, Lubumbashi, anauliza: "Mdogo wangu ana miaka 36. Ana virusi vya Sida (VVU), anakunywa TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu za VVU, kila usiku, na vipimo vinaonyesha virusi havionekani tena kwenye damu. Mwaka uliopita alitibiwa limfoma ya Hodgkin, kanseri ya tezi, kwa kemoterapia iitwayo ABVD, duru sita, na tezi zikaisha. Sasa zimerudi, shingoni na kifuani. Dokta anasema kilichobaki ni grefu ya uboho, yaani kupandikizwa, na ni nje ya nchi. Shemeji anasema mwenye Sida hakubaliwi huko. Pasta wetu amesoma kwenye simu kwamba grefu inamaliza kanseri na Sida kwa pamoja. Mimi niko tayari kumpa uboho wangu. Tushike lipi?"

Jibu. Mama, shemeji amekosea, pasta ameshika nusu ya habari, na kuna uwezekano mkubwa uboho wako usihitajike kabisa.

Tuanze na shemeji. Zamani alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kabla ya dawa za mchanganyiko kupatikana katikati ya miaka ya 1990, mwili wa mwenye VVU haukuweza kuvumilia tiba hii. Leo hali ni nyingine. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata watu 40 wenye VVU na limfoma waliopandikizwa seli shina zao wenyewe, yaani seli za uboho zinazozaa damu. Baada ya mwaka mmoja, takriban 87 kati ya kila 100 walikuwa hai, na walipolinganishwa na wagonjwa wasio na VVU hapakuonekana tofauti ya maana. VVU vilivyodhibitiwa, peke yake, si sababu ya kumkataa mtu. Vituo vinavyokataa mara nyingi vina sababu nyingine, tena ya kiufundi, nitaitaja mbele.

Kinachoamua kwa mdogo wako ni kanseri yenyewe: je, bado inasikia dawa? Hilo halijulikani mpaka ajaribiwe dawa za hatua ya pili, na tiba hiyo inaweza kuanzia nyumbani kabla ya kununua tiketi yoyote.

Sasa uboho wako. Kuna upandikizaji wa aina mbili na watu huzichanganya. Hodgkin iliyorudi mara ya kwanza hutibiwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe. Zinavunwa, zinagandishwa, mgonjwa anapewa kemoterapia kali ambayo isingeacha uboho salama, kisha anarudishiwa seli zake. Ni kama mkulima anayeweka mbegu ghalani kabla ya kuchoma shamba: mbegu haziui magugu, moto ndio unaoua. Seli zile hazitibu kanseri. Zinamwokoa mgonjwa kutoka kwenye makali ya dawa.

Aina ya pili ni seli za mtu mwingine. Hiyo ni ya lukemia (kanseri ya damu) kali nyingi, na ya limfoma iliyorudi hata baada ya aina ya kwanza. Hapo seli za mtoaji zenyewe zinapigana na kanseri, lakini zinaweza pia kuushambulia mwili wa mgonjwa: ngozi, utumbo, ini. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye kikamilifu, ingawa siku hizi mzazi, mtoto au ndugu anayelingana nusu anaweza kutumika pia. Matokeo yake ni magumu zaidi. Katika utafiti mwingine wa Marekani, uliotolewa mwaka 2019, watu 17 wenye VVU walipandikizwa seli za wengine. Hakuna aliyekufa kwa madhara ya tiba ndani ya siku 100 za kwanza, lakini waliokuwa hai baada ya mwaka ni 59 kwa 100, na sababu kubwa ya vifo ni kanseri kurudi.

Kwa hiyo weka ahadi yako akiba, lakini fanya jambo moja tangu leo: usimtolee damu mdogo wako. Najua hospitali zetu huomba familia ilete watoaji. Nenda utoe, ila uhakikishe mfuko wako unaingia benki ya damu na kupewa mgonjwa mwingine, yeye apate wa mtu baki. Akiongezewa damu ya ndugu, kinga yake inaweza kujifunza kuzikataa seli za ndugu huyo, na siku ukihitajika kweli utakuwa umejifungia mlango.

Habari ya pasta ni ya kweli kwa watu wachache sana. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alikuwa na lukemia. Alipandikizwa mwaka 2007, na tena 2008 lukemia iliporudi. Daktari wake, Gero Hütter, alimtafutia mtoaji aliyerithi kwa wazazi wote wawili badiliko liitwalo CCR5 delta 32. Seli zenye badiliko hilo hazina mlango ambao VVU vingi hupitia. Virusi havikurudi. Brown alifariki mwaka 2020, kwa lukemia. Baada yake wakaja Adam Castillejo wa London, mgonjwa wa Düsseldorf na wengine wachache. Mgonjwa wa Geneva, aliyetangazwa mwaka 2023, hata mtoaji wake hakuwa na badiliko hilo. Lakini huko Boston wanaume wawili walioonekana wamepona, virusi viliwarudia mwaka 2013 walipoacha dawa.

Angalia wote hao: walipewa seli za mtu mwingine, na walipewa kwa sababu ya kanseri. Badiliko la CCR5 hupatikana kwa pande zote mbili katika takriban mtu 1 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, na kwa watu wetu ni karibu hakuna. Mdogo wako atarudishiwa seli zake mwenyewe, na VVU vilivyojificha mwilini vitabaki pale pale. Atakunywa ARV kabla ya grefu, siku ya grefu na maisha yake yote. Mwambieni hivyo waziwazi, maana wapo wanaorudi nyumbani wakaacha TLD wakiamini wamepona.

Sasa kazi iliyo mbele yenu hapa Lubumbashi, na ndiyo sehemu inayoharibika mara nyingi kuliko grefu yenyewe.

Kwanza, tezi zilizorudi zisidhaniwe tu kuwa Hodgkin. Kwa mwenye VVU, tezi za shingo na kifua zinaweza kuwa kifua kikuu, au limfoma ya aina nyingine kabisa. Anahitaji biopsi mpya ya tezi nzima. Sindano nyembamba inayonyonya seli chache haitoshi kutambua Hodgkin. Mwambie daktari wa upasuaji akate tezi vipande viwili. Kimoja kiingie kwenye formalini ya asilimia 10, ya kutosha kukifunika mara kumi. Kingine kiende kavu, au na maji ya chumvi kidogo, kwenye kipimo cha GeneXpert cha kifua kikuu. Kipande chote kikizamishwa kwenye formalini, maabara ya kifua kikuu haiwezi tena kuotesha kitu. Kisha dai bloki ya parafini, yaani kipande cha tezi kilichohifadhiwa kwenye nta, uitunze mbali na joto. Kituo cha nje kitataka kuipima upya kwa alama za CD30, CD15 na CD20, na bila bloki watamkata tena.

Pili, figo. Dawa za hatua ya pili mara nyingi zina cisplatini. Mpango unaoweza kutolewa bila kulaza mgonjwa siku nyingi ni GDP: jemsitabini miligramu 1000 kwa kila mita mraba ya mwili siku ya 1 na ya 8, cisplatini miligramu 75 kwa mita mraba siku ya 1, deksamethasoni miligramu 40 siku ya 1 hadi ya 4, kila siku 21. Mtu mwenye eneo la mwili la mita mraba 1.7 anapata cisplatini karibu miligramu 128 kwa mara moja, na lazima aoshwe figo kwa dripu yenye magnesiamu na potasiamu. Ndani ya TLD kuna tenofovir, nayo inaweza kuchosha figo zile zile. Kwa hiyo muulize daktari wake wa VVU na wa kanseri, wote wawili kwa pamoja, kama tenofovir ibadilishwe kabla ya cisplatini, kwa abakavir au kwa ile tenofovir mpya ya alafenamide. Lakini asibadilishiwe kabla ya kupimwa homa ya ini B. Akiwa nayo, tenofovir inatibu magonjwa mawili, na kuiondoa ghafla kunaweza kuliwasha ini vibaya. Mtego mwingine: dolutegravir, dawa nyingine iliyo ndani ya TLD, hupandisha kidogo kreatinini, kipimo cha figo kwenye damu, bila kuumiza figo, kwa kuwa inazuia njia moja ya kuitoa kreatinini kwenye mkojo. Hivyo kreatinini ya kabla ya duru ya kwanza iandikwe, ndiyo ya kulinganishia.

Tatu, minyoo. Deksamethasoni inaweza kumfungulia njia mnyoo aitwaye strongiloidi, ambaye mtu anaweza kuwa naye miaka mingi bila kujua, akasambaa mwili mzima. Ivermektini mikrogramu 200 kwa kilo, siku mbili, inamaliza hatari hiyo kwa bei ndogo. Kama mdogo wako aliwahi kuishi kwenye misitu ya Mayombe, Tshopo au Uele, apimwe kwanza mnyoo mwingine, Loa loa, kwenye damu ya mchana, kwa sababu ivermektini juu ya Loa loa nyingi inaweza kudhuru ubongo.

Kuhusu ARV, ana bahati kuwa kwenye dolutegravir. Haigombani na dawa nyingi za kanseri. Vita viko kwa ritonavir na kobisistati, ambazo hupandisha dawa nyingine mwilini hadi zinakuwa sumu, na kwa efavirenz na nevirapine, ambazo huzishusha. Zidovudini isiingizwe hata kidogo, inadhoofisha uboho. Akianzishwa rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu, dolutegravir inakuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku. Na vidonge vya chuma, kalsiamu, dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, na sukralfati vinaishika dolutegravir tumboni isiingie mwilini: aimeze saa 2 kabla ya hivyo au saa 6 baada yake. Manesi wa wodi ya kanseri hawakumbuki hili daima. Liandikwe juu ya karatasi ya kitandani.

Baada ya duru mbili au tatu anapigwa PET skani, picha inayoonyesha kanseri iliyo hai, au skana ya kawaida pale ambapo PET haipo. Tezi zikiwa zimesinyaa vizuri, twende. Zikiwa zimekaa vile vile, usiuze kiwanja kwa grefu ya wakati huo, maana kemoterapia kali juu ya kanseri isiyosikia dawa hununua muda mfupi kwa bei kubwa. Kuna dawa mpya kama brentuximab na nivolumab za kujaribu kuifungua tena njia ya grefu; ni ghali, lakini hospitali iwe nazo kwenye mazungumzo kabla ya mtu kusafiri.

Kwenda wapi? Afrika Kusini inapandikiza kwa miaka mingi, Cape Town na Johannesburg. Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2021. Wakongomani wengi huenda India, na Vellore ni mmoja ya miji yenye historia ndefu ya kazi hii. Lusaka, ambako ni karibu kwa kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kuna hospitali ya kanseri yenye tiba ya mionzi. Itakufaa kama tezi moja ya kifuani itahitaji mionzi.

Kabla ya kutuma hela popote, andika barua uulize mambo haya. Je, wana tangi la kugandishia seli za wagonjwa wenye VVU, lililotengwa, au la mvuke wa naitrojeni? Hii ndiyo ile sababu ya kiufundi niliyoiahidi: kituo kisicho na mahali pa kuzihifadhi kinakataa, na wengine hukataa mgonjwa akiwa ameshafika. Profoma, yaani hesabu ya bei ya kituo, iwe ya maandishi na ionyeshe uvunaji, ugandishaji, siku ngapi za kulazwa, damu na plakete (chembe zinazogandisha damu), na bei ya kila siku ya ziada. Hesabu nzima, pamoja na nyumba ya mtu wa kumsindikiza kwa miezi miwili au mitatu, huingia kwenye makumi ya maelfu ya dola. Profoma isiyotaja siku za ziada si profoma.

Kwenye bahasha ya safari weka bloki ya parafini, ripoti zote za skana, wingi wa virusi na CD4 (chembe za kinga) vya karibuni, majibu ya homa ya ini B na C, na jumla ya dawa alizokwisha kupata. Duru sita kamili za ABVD ni doksorubisini miligramu 300 kwa mita mraba. Inahesabiwa kwa ajili ya moyo, kwa hiyo kuna ekografi ya moyo. Bleomisini inahesabiwa kwa ajili ya mapafu, kwa hiyo kuna kipimo cha pumzi. CD4 zikiwa zimeshuka wakati wa kemoterapia msishtuke, dawa zenyewe zinazishusha. Kinachotazamwa zaidi ni virusi kubaki chini.

Kuna na kadi ya njano. Afrika Kusini na India zinadai chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka Kongo. Chanjo hiyo ni ya virusi hai, na mtu aliye kwenye kemoterapia asidungwe, hata kama ajenti wa uwanja wa ndege wa Luano anasisitiza. Kadi ya zamani inatosha, tangu 2016 inakubalika maisha yote. Kama hana, daktari ajaze cheti cha kuzuiwa chanjo kwa sababu za afya, kwa muhuri, na ubalozi uulizwe mapema kama wanakipokea.

Na kama anataka watoto, azungumze habari ya kugandisha mbegu za kiume kabla ya GDP. Kemoterapia ya grefu inaweza kumaliza uzazi. Wanaume wetu huona aibu kuuliza, na baadaye wanalaumu kwamba hawakuambiwa.

Huko kwenye kituo mambo huenda hivi. Kwa siku 4 au 5 anadungwa G-CSF, dawa inayosukuma seli shina kutoka kwenye uboho kuingia damuni, mikrogramu 10 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 ni sindano mbili za 300 kila siku. Mifupa ya kiuno na kifua inauma, ni dalili uboho unafanya kazi, na paracetamoli inatosha. Kisha damu inapita kwenye mashine saa 4 au 5, seli shina zinachujwa, nyingine zinarudi. Midomo ikifa ganzi, amwambie nesi: ni kalsiamu imeshuka kwa sababu ya dawa ya kuzuia damu isigande. Wanatafuta seli za CD34 (alama ya seli shina) milioni 2 kwa kilo angalau, na wanapenda 4 au 5. Zisipofika, kuna sindano ya pleriksafori ya kuzisukuma.

Kemoterapia kali ya limfoma inaitwa BEAM na inachukua kama wiki moja: karmustini siku moja, etoposidi na sitarabini kwa siku nne, mwisho melfalani miligramu 140 kwa mita mraba. Wakati wa melfalani anyonye barafu, vidonda vya kinywa vitapungua. Siku inayoitwa sifuri mifuko inayeyushwa na kuingizwa kwenye mshipa kama damu ya kawaida. Chumba kitanuka kitunguu saumu kwa siku moja, ni dawa ya kuhifadhia. Kati ya siku ya 5 na ya 12 ndipo kuna mateso: kidonda cha mdomo, kuhara, homa. Plakete zikishuka chini ya 10,000 anaongezewa, na damu yote anayopewa iwe imepigwa miale. Karibu na siku ya 10 hadi 14 nutrofili, aina ya chembe nyeupe, zinapita 500, siku tatu mfululizo, na hapo seli zimeshika.

Wiki hiyo ya vidonda ndipo ARV hupotea. Mgonjwa hawezi kumeza, nesi anaandika "amekataa dawa", siku kumi zinapita. Suala hili lizungumzwe kabla ya siku sifuri: TLD inaweza kusagwa kwa maji kidogo na kupitishwa hata kwenye mpira wa puani, kwa ruhusa ya daktari. Ikilazimika kusimamishwa, dawa zote za VVU zisimame siku moja na kuanza siku moja, isibaki moja peke yake.

Akirudi Lubumbashi, kila homa ya nyuzi 38 na zaidi ni hospitali saa hiyo hiyo, si kinini nyumbani. Apimwe tone nene la malaria na aanzishiwe antibiotiki bila kusubiri jibu. Kotrimoksazoli miligramu 960 kwa siku inarudi baada ya chembe nyeupe kupanda, na asiklovir inaendelea karibu mwaka. Miezi mitatu ya kwanza ale vilivyotoka motoni: bukari (ugali), sombe (kisamvu) iliyopikwa sana, samaki wa siku hiyo. Munkoyo (kinywaji cha kienyeji), saladi mbichi, michopo (nyama choma) ya barabarani na karanga zenye ukungu asubiri. Kiangazi kikianza na vumbi la barabara nyekundu, avae barakoa, na asikae karibu na nyumba inayobomolewa. Ukungu wa kwenye vumbi la ujenzi hushambulia mapafu. Chanjo za nimonia zinaanza tena kati ya mwezi wa 3 na wa 6, kwa kuwa kinga ya zamani imefutika. Ya surua husubiri miezi 24, na huruhusiwa tu kama CD4 zake zimepita 200. Kifua kikifunga au kikohozi kikavu kikija ndani ya miezi sita ya kwanza, mtaje daktari jina la karmustini, kwa sababu dawa hiyo huweza kuwasha mapafu wiki nyingi baada ya kutolewa, na tiba yake ni steroidi ianzishwe mapema, baada ya kuhakikisha si kifua kikuu.